Mikunjo ya Koti la Papa

Ukitaka mikunjo ya koti la sufu itulie upate nafasi ya kuichora, linyunyizie maji kidogo, mvishe mtu, mwambie akae, kisha umwombe asiwe na haraka ya kuinuka. Mimi hufanya hivyo mara kwa mara, maana kazi yangu ni kuchora nguo za watu wa michezo ya video. Sizishoni wala sizibuni, hayo yana wenyewe. Mimi naletewa nguo ikiwa tambarare kwenye kioo cha kompyuta, imechanuliwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa: mgongo hapa, mikono kule, kola pembeni. Juu yake napaka vivuli na mikunjo, ili yule mtu wa mchezo akishavikwa, mchezaji aamini kwamba ndani mna mabega, viwiko na tumbo. Ndani hamna kitu, lakini hiyo si siri, kila mtu wa kazi hii anaijua.

Juzi nilinunua koti kuukuu la kijivu kwenye mitumba hapa Nairobi, nikalilowesha, nikalipitisha pasi kidogo kola ilale. Mvuke ukanipiga puani. Ile harufu ya sufu mbichi iliyoguswa na chuma cha moto ilinikalisha chini, na kijana tunayefanya naye kazi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mvuke tu. Ninyi wenzangu mliokulia Bukavu miaka ile ya vita mnajua kwamba harufu haibishi hodi. Siku hiyo sikufanya kazi tena, na koti nikalifungia kabatini kwa hasira.

Papa alikuwa na koti moja tu la sufu, la kijivu, la tangu kabla sijazaliwa. Bukavu ina baridi yake, hasa mvua inapopanda kutoka ziwani na kukaa juu ya mabati siku nzima, na Papa alikuwa mtu wa kusikia baridi upesi. Alisimamia dawa za vituo vya afya vya kanisa. Siku nyingi alikuwa ofisini, nyingine njiani, Bunyakiri, Shabunda, kokote kulikokuwa na muuguzi na kabati tupu. Jioni akirudi, wadogo zangu waligombania mkoba, lakini koti lilikuwa langu. Lilinijia zito, likiwa bado na joto lake. Nililitundika nyuma ya mlango, nikapekua mifuko kutafuta karanga, kisha nikabaki kuliangalia kwa sababu tu nilipenda kuliangalia.

Koti lile halikuwahi kuonekana tupu hata likiwa msumarini. Kiwiko cha kulia kilikuwa na mikunjo mizito iliyojipanga, maana Papa aliandika siku nzima ameegemea meza upande huo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kwa ajili ya mkoba. Kifungo cha kati kiliivuta nguo huku na huku, kwa kuwa Papa na bugali walipendana. Kila Jumamosi Mama alishindana na kile kiwiko kwa pasi ya makaa, ananyunyiza maji, anakandamiza, na kila mara kiwiko kilimshinda. Alisema koti lina kichwa kigumu kama mwenyewe, na Papa akacheka bila kuinua macho kwenye redio.

Alipokwenda Shabunda mara ya mwisho hakulichukua. Kule ni msituni, kuna joto, na ndege ndogo za kule hazitaki mtu mwenye mizigo. Aliondoka na shati la mikono mifupi, akaniambia nilitunze koti lake. Kabla hajarudi, vita vikafunga anga na barabara. Kwanza tulipata salamu zake kwa watu waliopita, halafu salamu zikakatika. Shule ilifunguliwa na kufungwa, tukajifunza kulala sakafuni mbali na madirisha, na kutofautisha risasi zilizo ng'ambo na zilizo mtaani kwetu.

Mji ulipochukuliwa na jeshi jingine, askari wake waliingia nyumbani mchana kweupe. Walibeba redio, magodoro, na sanduku lililokuwa na albamu ya picha za familia. Sidhani walitaka picha zetu, walitaka sanduku. Mimi nilikuwa nimejikunja kwenye mkeka, nina malaria, nimefunikwa koti la Papa. Askari mmoja, naye karibu mtoto, aliinua upindo wa koti, akaniona ninavyotetemeka, akaushusha taratibu na kwenda zake. Ndivyo tulivyobaki na koti, na picha moja ndogo ya Papa, ile ya kubandika kwenye kitambulisho, ambayo Mama alikuwa ameificha katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Ilikuwa uso tu na mwanzo wa shingo.

Kisha akaja mtu mmoja, amekonda, miguu imevimba, ametembea msituni kutoka Shabunda mpaka Bunyakiri na kutoka huko mpaka kwetu. Mama akanituma maji bombani, na nilipoona ndoo ya nyumbani ingali imejaa nikashangaa, lakini nilikwenda. Niliporudi alikuwa anakunywa chai. Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani. Tonton Gaspard, mdogo wake Papa, alikuwa amesimama akiutazama ukuta. Hakuna aliyekuwa analia, kwa hiyo nikaamini hakuna baya.

Niseme wazi kile ambacho mimi sikuambiwa. Papa alikuwa amekufa. Aliuawa njiani, akijaribu kutoka Shabunda kwa miguu na wenzake, na waliookoka hawakupata hata nafasi ya kumfunika kwa majani. Watu wazima wote wa nyumba ile walijua. Lakini kwetu mtoto haambiwi kifo cha mzazi ovyo. Anaambiwa papa yuko misheni, yaani safari ya kazi, mpaka siku ukoo utakapokuwa umekusanyika tayari kulia pamoja, ili akianguka pawe na mikono mingi ya kumdaka. Nimewakasirikia kwa jambo hilo miaka mingi, na sasa nina watoto, nami sijui ningefanya nini.

Tatizo lao kubwa lilikuwa mwili. Kwenye ukoo wa Papa, huko milimani upande wa Bunyakiri, aliyepotelea porini huzikwa kwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo yake, likazikwa kwa heshima zote, ili mwenyewe aache kutangatanga. Koko, mama mzazi wa Papa, alikuja mjini kwa ajili hiyo, na nguo aliyokuja kuiomba ilikuwa koti. Mama akakataa. Haya alinisimulia mwenyewe nilipokuwa mkubwa: alisema hawezi kuulilia mgomba, kwamba mumewe achorwe, awekwe katikati ya watu wake wamlilie akiwa na sura, na koti libaki na watoto. Walibishana mchana kutwa kwa sauti za chini kwa ajili yetu, mpaka Tonton akawapatanisha. Picha itachorwa, na Koko aliyemzaa ndiye atakayeitazama. Akimwona mwanawe, italiliwa picha. Asipomwona, koti litakwenda na mgomba. Siku ilikuwa imeshapangwa, na watu wameshaitwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwetu asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na shughuli kuliko sisi sote. Mimi niliona kuta zinapakwa chokaa, viti vya kanisa vinaletwa vichwani, mashangazi wanafika na mikungu ya ndizi, Mama anafua koti na kulipiga pasi. Hayo yote nilikuwa nimeyaona kabla, Papa aliporudi kutoka mafunzo yake Kinshasa, ila safari ile mashangazi walikuja wakiimba. Nikajua anarudi. Nikajua pia kwa nini hawatuambii: wanataka kutushtukiza. Nikawaachia raha yao, nikatabasamu peke yangu jikoni.

Mchoraji aliitwa Artiste, na kama alikuwa na jina jingine hakuwa na haraka ya kulitaja. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Nyawera, mahali wabeba mizigo walipopumzikia. Alichora vibao vya saluni na vya maduka ya dawa, na alitia sahihi yake kubwa hata kwenye kibao cha kuuzia makaa. Lakini kazi iliyokuwa imeshamiri wakati ule ni ya picha za watu. Kwa kuwa wateja walileta vipicha vya uso tu, Artiste alikuwa akichora miili mapema, siku ambazo mvua ilimzuia kutoka. Siku ile Mama aliponichukua nimbebee koti, niliikuta miili hiyo imepangwa ukutani: suti nyeusi, suti ya bluu, suti ya kahawia yenye tai nyekundu, zote zimekaa kwenye kiti kilekile, mikono imewekwa magotini, na juu ya kola hapakuwa na kitu. Watu walichagua mwili, kichwa kikaongezwa.

Niliogopa kwanza. Tulikuwa tumesikia mengi mno kuhusu watu na vichwa vyao. Kisha akapita mwanamke aliyekuwa amekuja kuchukua kazi yake, mume mzima, kichwa kimekaa barabara juu ya suti ya kahawia. Alimfunga kwa kitenge na kumweka mgongoni kama mtoto. Mama akampa pole kwa sauti ndogo, nikadhani anamhurumia uzito wa mzigo. Hapo akili yangu ikamaliza hesabu yake. Wanaume walikuwa wamepotea, wake zao wanakuja hapa, wanachagua mwili, mtu anakamilika, anapelekwa nyumbani. Aliyekamilika anarudi. Sikuona kwa nini watu wazima walinuna namna ile mahali pazuri kama pale.

Artiste alimwonyesha Mama ukuta wake, akimwita kwa jina langu. "Maman Neema, chagua tu muili. Hii ya bleu njo ya batu ya bureau," akasema, akimaanisha suti ya bluu ndiyo ya watu wa ofisini.

"Bwana yangu hakukuwaka na costume ya bleu," Mama akasema. Akanichukulia koti mikononi na kumnyooshea. "Alikuwa na hii. Umuchore mu yake."

Artiste hakupenda. Miili yake aliijua kwa moyo, hakuhitaji hata kuitazama. Lakini Mama alikuwa na uso ambao hata askari wa vizuizi vya barabarani walikuwa wakiushindwa, kwa hiyo alitundika koti kwenye msumari, akawamba gunia la unga kwenye fremu, akakiweka kile kipicha kidogo kwenye miraba ya penseli na kukihamisha kidogo kidogo kikawa kikubwa. Uso ulitoka vizuri. Ulikuwa uso wa kitambulisho, umekazwa kidogo, lakini ulikuwa wake. Chini ya uso akachora koti.

Tuliporudi kuangalia, Mama alisimama mbele ya picha, akasema kwamba hili ni koti la msumarini. Ilikuwa kweli hata kwa macho yangu. Mikunjo yote ilianzia shingoni na kuanguka chini, kwa sababu msumari ndio uliokuwa umelishika. Artiste alinuna, akafuta brashi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema jambo ambalo nimelirudia kwa kila kijana niliyemfundisha kazi: "Mukunjo haiko mustari. Iko kitu inavuta nguo. Kama hauoni chenye kinavuta, utachora mistari mupaka kesho." Aliyajua hayo siku zote, nadhani, ila tangu vita vianze hakuna aliyemlazimisha kuyatumia.

Kwa hiyo akataka mtu wa kulivaa, na Tonton Gaspard akajitolea. Tonton alikuwa mfupi na mpana, mtu wa kiwanda cha bia, na koti la Papa lilimfika kwa kusita. Aliketi kwenye kiti cha Artiste karibu na mlango, mwanga unamwingilia upande mmoja. Sikupenda kumwona humo ndani. Nilimwambia mara kwa mara asijinyooshe asije akapasua kwapa. Baada ya muda aliinamisha kidevu kwenye kola, akavuta pumzi, kisha akainuka ghafla na kutoka nje, akasema mafuta ya rangi yanamchoma macho. Artiste alikuwa ameshapata alichotaka, akaendelea bila yeye, na mimi nikakaa miguuni pake kumtazama. Alinionyesha kwamba kivuli si cheusi, ni nguo ileile iliyozama, kwa hiyo alichanganya kijivu chake na bluu na tone la kahawia. Alinionyesha kuchagua mlango mmoja wa mwanga na kuwa mwaminifu kwake mpaka mwisho. Niliyameza yote, maana niliona tunajenga mtu.

Safari hii Mama hakuitazama sana. "Hii iko Gaspard," akasema. "Gaspard na kichwa ya kaka yake."

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Nyuma ya jiko nililikuta shina la mgomba, limekatwa mbichi, limelazwa juu ya mkeka mpya, likidondosha maji yake. Nilidhani ni la kuwekea vyungu vya pombe ya sherehe. Koko alikuwa ameketi karibu nalo, ameegemeza mkono juu yake kama mtu anayekaa na mgonjwa. Aliniuliza koti liko wapi. Nilipomwambia liko kwa mchoraji, alisema kesho lirudi, lipakwe rangi au lisipakwe. Sikuelewa haraka yake. Niliona tu kwamba kama picha haitakamilika kesho Papa atakuta kazi nusu, au labda hataweza kufika kabisa.

Asubuhi tulikwenda wote watatu, Mama, Tonton na mimi. Artiste alikuwa amekata tamaa. Alisema ukweli wake: alitaka kusema hakumfahamu marehemu, ila alikumbuka nipo akalimeza neno, akasema hakumfahamu mwenyewe; mwili wa mtu hauwezi kukisiwa; afadhali Mama achukue ile ya bluu, watu wataelewa. Ndipo nikasema mimi. Nilisema Papa anaegemea kulia, ndiyo maana kiwiko kile kimekunjika vile. Nilisema bega la mkoba liko chini, na Tonton alikuwa ameliinua. Nilisema kifungo cha kati kinavuta, si vyote.

Artiste alinitazama. "Onyesha," akasema.

Nikavaa koti. Likanimeza. Mikono ilinipita mpaka magotini, na kiwiko cha Papa kikawa kwenye kifundo changu cha mkono. Nilijaribu kuegemea kama yeye, koti likaporomoka upande, na machozi ya hasira yakanijia kwa sababu nilijua kila kitu kilivyotakiwa kukaa na mwili wangu haukutosha kukionyesha.

Mama akanivua. Akasimama amelishika, akaliangalia ndani, kwenye bitana, halafu akalivaa mwenyewe juu ya kitenge chake. Kwetu mke havai koti la mumewe mbele za watu. Tonton aligeuza uso kuelekea sokoni. Mama akaketi, akaegemeza kiwiko cha kulia kwenye meza ya rangi, akaachia bega la kushoto, akafunga kifungo kimoja. Mama alikuwa mwembamba, sijui alijaza nini humo ndani, lakini koti lilimtambua. Mikunjo ya kiwiko ilijirudia yenyewe, mmoja baada ya mwingine, pale pale ilipozoea kukaa.

"Papa anaregezaka bega zaidi," nikamwambia.

"Namna hii?"

"Chini kidogo tena. Na mukono ikuwe sawa inashika bic."

Akafanya kila nilichosema, hata vidole akavikunja kama vimeshika kalamu. Artiste alifuta mikono ya Tonton pichani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza upya. Niliruka kutoka kwa Mama kwenda kwenye picha, kutoka kwenye picha kwenda kwa Mama, nikionyesha kwa kidole panapovuta, panapozama, mahali ambapo mkunjo unakufa kabla ya kufika upindoni. Mama aliketi bila kutikisika, machozi yakimshuka na kuingia kwenye kola, naye hakuyafuta kwa sababu kufuta kungesogeza mkono. Nilidhani ni furaha. Yangu ilikuwa kubwa kiasi hicho, sikuona ajabu na yake iwe hivyo. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na watu wamenisifu kwa baadhi yake, lakini sijawahi tena kuchora kwa furaha ile, na siitamani irudi.

Tonton aliibeba picha rangi ikiwa mbichi, ameishika kwa pembe, uso umetazama mbele. Tulipita katikati ya Nyawera. Wabeba mizigo walisimama na magunia yao mgongoni, wenye kofia wakazivua, mama mmoja wa samaki akapiga ishara ya msalaba. Nilitembea mbele nikiwa nimeinua kidevu. Nilifikiri wanastaajabia mikunjo.

Nyumbani walitupisha kimya. Picha ikawekwa juu ya kiti cha Papa, imeegemea ukuta mpya mweupe, na mshumaa ukawashwa chini yake. Artiste alikuja nyuma yetu na sanduku lake la rangi, kama ingelazimu kurekebisha, akasimama mlangoni. Wote walikuwa wanamngojea Koko. Aliletwa ameshikwa mikono na shangazi wawili. Mimi nilijipenyeza mbele kabisa, karibu na kiti, kwa sababu ile ilikuwa kazi yangu pia na nilitaka kuona uso wake.

Koko aliuangalia uso wa picha na hakuonyesha chochote. Mama, aliyekuwa amesimama upande wa pili na koti mkononi, alianza kulikunja kama mtu anayejiandaa kulitoa. Kisha macho ya Koko yakashuka begani, yakafuata mkono, yakafika kwenye kiwiko. Akainama. Alinyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijagusa.

"Njo vile alikuwa anaikala," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Tangu mutoto. Njo mwana wangu."

Kwa pumzi moja nilifurahi. Tumeshinda, nikawaza. Halafu Koko akafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwa mtu niliyemfahamu. Mashangazi wakaipokea, ikapita uani, ikatoka mpaka barabarani, na majirani wakaijibu kutoka kwenye nyumba zao. Tonton alipita mbio kwenda nyuma ya jiko, na kupitia mlango wa uani nikamwona analivuta shina la mgomba kwa mikono miwili, analiburuta kuelekea bondeni, analia kwa sauti kama mtoto aliyepigwa. Kilio nilikijua. Hakuna mtoto wa Bukavu wa miaka ile asiyekijua. Nilikuwa nimekisikia kwa jirani wa juu, kwa jirani wa chini, na kila mara kilikuwa na maana moja.

Kila kitu kikageuka mbele yangu, chokaa, viti, mshumaa, yule mwanamke na mume wake mgongoni. Nilielewa kwamba kama Koko angetazama picha asimwone Papa, angenyamaza. Nilielewa kwamba kilichomfanya alie ni kiwiko, na kiwiko nilikisema mimi.

Nikapenya kati ya miguu ya watu mpaka mlangoni. Nilimshika Artiste suruali.

"Papa Artiste, rudisha mukono ya Tonton," nikamwambia. "Ile ya jana. Ile yenye haikukuwa yake."

Alitazama juu ya kichwa changu, akimtafuta Mama. Kitambaa chake kilikuwa juu ya sanduku, kimelowa mafuta ya taa. Nikakichukua, nikarudi nilikotoka, na hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Rangi ilikuwa mbichi. Niliweka kitambaa juu ya kiwiko nikiwa tayari kukandamiza.

Mama akanishika mkono. Hakunivuta wala hakunipiga. Alipiga magoti mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na vidole vyake vilinishika kwa nguvu kuliko alivyowahi kunishika.

"Wacha, mama," akasema, kama alivyozoea kuniita binti yake. "Papa yako alikufa. Hapa tu njo tuko naye."

Nikaachia kitambaa. Koko, bila kukatiza kilio chake, alisogea kidogo kwenye mkeka alipokuwa ameshaketi, yeye na Mama wakanifanyia nafasi kati yao, nikakaa.